Salamu kwa Mgonjwa wa Mashine

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mke wangu Kisa aliumwa na nyoka. Tulikuwa shambani kwetu Ngonga, tunavuna mpunga. Alikuwa ameshika mundu. Akasema, "Andrea, kuna kitu kimenichoma." Hata kelele hakupiga. Kabla ya mchana kope zake zililegea, na maneno yakawa yanatoka kama ya mlevi.

Zahanati wakaita gari. Akapelekwa hospitali kubwa, huko juu kwenye baridi. Daktari akaniambia sumu imelegeza misuli ya kifua, mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe. Wakampitishia mpira mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, wakauunganisha na mashine.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini nadhani hata msomi angesimama kutazama. Mashine inasukuma hewa, kifua cha Kisa kinapanda. Inaachia, kinashuka. Nilitazama mpaka nikajikuta napumua kwa kuifuata. Kumbe pumzi ya mtu inaweza kushikiliwa na waya na mpira, yeye akapumzika.

Kitanda cha pili alilala Ezroni wa Ikolo, aliyekuwa akipeleka mchele Karonga, ng'ambo ya mpaka. Alianguka na pikipiki akaumia kichwa. Naye alikuwa kwenye mashine. Mkewe, Rut, nilikuwa nakaa naye benchi moja pale nje.

Kwaya yetu ikaja kutuona. Kwetu, ukienda kwa mgonjwa unamshika mkono. Na ukishamshika wako, humpiti wa jirani kama vile ni kisiki. Watasema una roho mbaya. Basi wakaingia wawili wawili, kila mmoja akamshika Kisa, kisha Ezroni. Mama Anyosisye, kiongozi wa kwaya, alimfuta Kisa mate kwa kitenge chake, akaenda kumpapasa Ezroni shavuni. Ulikuwa upendo. Mlangoni palikuwa na bomba la kunawia, lakini lilikuwa kavu.

Sumu ikaisha mwilini. Kisa akafungua macho, akanibana kidole. Daktari akasema karibu wataanza kumzoesha kupumua bila mashine. Ndipo homa ikapanda. Makohozi yakawa ya kijani. Wakampa dawa, haikusaidia. Wakabadilisha, bado.

Sista Lusungu, muuguzi wa chumba kile, akaniita pembeni.

"Baba, tulipeleka makohozi yake maabara. Wameona bakteria, wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni. Wamewajaribu kwa dawa moja moja. Karibu zote haziwaui."

"Dawa zenu mbovu?"

"Dawa ni nzima. Bakteria ndio sugu."

Akanieleza taratibu. Mtu akimeza vidonge viwili vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, vya dukani kwa ajili ya mafua, akaacha, wanakufa bakteria dhaifu. Wale wagumu wanabaki na kuzaana. Hata hospitali, wakitoa dawa kali pasipo sababu, wanawalea wale wale. Nikamuuliza wamefikaje kifuani kwa mke wangu.

"Wewe kikikuingia kitu kooni unakohoa. Yeye hawezi. Mpira ule unampa pumzi, lakini pia ni mlango ulioachwa wazi. Na bakteria hawana miguu, baba. Wanabebwa. Mara nyingi kwa mikono, yetu wahudumu na yenu ndugu."

"Sasa mbona bomba halitoi maji?"

Alilitazama lile bomba. Akasema ameripoti hadi amechoka. Wanabeba maji kwa ndoo, yanaisha. Dawa ya kusugua mikono nayo imekwisha, wameagiza.

Nilikumbuka wakubwa walivyokuja kufungua chumba kile. Tuliwasikia redioni. Walikata utepe, wakapiga picha na mashine. Na bomba je? Hakuna aliyelifungua ajaribu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Kisa akafariki.

Kwaya wakapanda gari kuja kuuchukua mwili wake pamoja nami. Kabla ya kuondoka wakataka kumuaga Ezroni. Sista alikuwa ameniambia vipimo vya Ezroni bado ni safi. Rut alikuwa kwenye benchi, ananitazama. Nikasimama mlangoni.

"Tupishe, Andrea," akasema Mama Anyosisye. "Tumpite kama si mtu?"

"Mtamsalimu kwa mdomo."

"Hee. Umekaa huku siku chache tu, umeshakuwa mzungu?"

"Mama, nyoka hakumuua Kisa. Nyoka alishashindwa. Kilichomuua kinabebwa mkononi. Sijui kilitoka kwa nani, hata sista hajui. Ila hapa hakipiti kwenda kwa Ezroni."

Aliigeuza mikono yake akaitazama, viganja kisha migongo. Halafu akaomba maji.

Sista akaleta ndoo yenye koki na sabuni. Akawaonyesha: viganja, migongo, katikati ya vidole, vidole gumba, kucha, kisha suuza na kausha. Wakaingia wawili wawili, wakasimama miguuni pa kitanda, mkono kifuani. Kila mmoja akataja jina lake na kusema, "Ndaga, Ezroni," salamu ya kilugha chetu. Hakuna aliyemgusa.

Wauguzi nao hawakumgusa bila kunawa kwanza. Walimwinulia kichwa cha kitanda, wakamsafisha kinywa, na kila asubuhi wakapima kama anaweza kupumua mwenyewe. Siku moja akaweza. Homa ile haikumfikia.

Alipopona alikuja Ngonga kunipa pole. Akasema, "Niliwasikia. Nimelala, siwezi hata kufumbua jicho, lakini nilisikia kila mmoja na jina lake. Anyosisye ndiye aliyekuwa analia."

Salamu ilikuwa imefika bila mkono.

Sasa kwaya yetu ikienda kuona wagonjwa inabeba sabuni na ndoo yake. Na Mama Anyosisye akikukuta umenunua vidonge viwili vya rangi mbili bila kupimwa, utajuta kumsalimia.

Wakubwa walikuja kwenye mkutano wa kata. Nikasimama nikawauliza habari ya lile bomba. Waliandika, wakanywa maji yao ya chupa, wakaondoka. Nilimwuliza diwani, akaniambia nisubiri. Naendelea kuuliza: mashine ilifika, umeme ukafika, utepe ukakatwa, nani alipaswa kuhakikisha kwanza kwamba bomba la mlangoni linatoa maji?