Aliyetangulia Mkekani

Harufu ya tope la ziwani iliingia zahanati ya misheni mchana mkavu, ilhali ziwa lilikuwa mbali. Angetile hakuijali. Alikuwa akizungushia vitambaa vidole gumba vyake, visiumwe.

Mkwewe, mzee Ambilikile, alikuwa njiani akiletwa kwa machela. Tangu arudi kutoka kubeba mizigo ya Wajerumani kwenye vita vya Maji Maji, akili yake haikutulia. "Kuna anayenifuata kutoka ziwani," alikuwa akisema. "Taya lake linaning'inia. Anatafuta wa kumtengenezea ili anile." Watu walimhurumia tu. Juzi, akimkimbia huyo asiyeonwa na mwingine, alianguka kifudifudi maweni. Meno yakavunjika, taya likachomoka, na tangu hapo hata maji hayakupita. Akikaa hivyo siku mbili zaidi, wangemzika.

Mganga Mjerumani alikuwa amepanda kwenda Tukuyu. Aliyebaki anayejua kurudisha taya ni Angetile, msaidizi wake, na kwa mila mwanamke hamtazami baba wa mumewe.

"Mama Neli, jifunike uso," alisema Lameck, mumewe, aliyetangulia mbio kumwarifu. "Fanya kwa kupapasa. Narudi kuwasaidia wabebaji."

"Na akiniuma?"

"Ni baba yangu. Mwokoe, nakuomba."

Alipoondoka, Angetile alijifunika uso kwa kaniki mpaka kidevuni. Punde mkeka ukalia chini ya uzito wa mtu. Hakusikia hodi wala nyayo, ila hilo halikumshangaza. Wabebaji walinyamaza kwa heshima ya mkwe, akajiambia. Akapiga magoti.

Uso alioupapasa ulikuwa baridi na unateleza, na taya lilining'inia mpaka kifuani. Maskini mzee, alivyoumia! Akaingiza vidole gumba mdomoni, akatafuta magego, akayapata, kisha nyuma yake akapata mengine, madogo, makali, mstari juu ya mstari, wala hakuna hata moja lililovunjika, akataka kuchomoa mikono, lakini akamkumbuka Lameck alivyoomba, akakaza mikono, akakandamiza chini, akasukuma nyuma.

Kwa! Taya likaingia.

"Ndaga fijo, Angetile," sauti ikashukuru taratibu.

Akachomoa vidole upesi. Miaka tisa ya ndoa, mkwewe hakuwahi kumsemesha hata neno moja.

"Hodi!" Lameck aliita nje, akihema. "Mama Neli, tumefika! Kamba ya machela ilikatika, ndiyo maana tumechelewa."

Machela ikawekwa mlangoni. Angetile alijivuta kuifuata sauti ya mumewe, kisha kuushika mwiko kukamshinda. Akaivuta kaniki, na kwa mara ya kwanza akauona uso wa mkwewe: mzee wa umbo dogo, damu imemkaukia, mdomo wazi. Hakuwa akimtazama Angetile. Alitazama nyuma ya bega lake, machozi yakimtiririka.

Nyuma, mkekani, meno yalikuwa yakijaribu kutafuna.