Dakika Moja kwa Marehemu Shangazi

— Polepole, shangazi, bega hilo! Jana limebeba timu nzima.

Kombora alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la watu, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Shangazi, aliyemlea Dobi, mchumba wa Kombora, tangu akiwa mtoto wa chekechea, alikuwa anamwekea mto wa pili mgongoni. Tangu asubuhi bwana huyo alishakunywa vikombe vinne vya chai, na kila kikombe kilimwongezea ushujaa.

— Robo fainali, dakika ya mwisho, tuko nyuma. Nikapewa mpira. Wanne wakanirukia. Wanne, shangazi! Nikawaburuta kwenye tope mpaka mstarini, nikaugusisha mpira chini. Trai!

— Maskini mwanangu!

— Ndiyo raga ya mtoano hiyo. Ukifungwa, kwaheri. Jumamosi nusu fainali, Jumamosi inayofuata naoa.

Dobi aliyasikia akiwa uani, ameinamia gunia la jezi. Alikuwa akiifulia klabu ya Kombora kwa misimu mitatu, na huko ndiko walikojuana. Alimpenda, tusifichane. Alikuwa na shuka mbili mpya ndani ya sanduku, amezipiga pasi na hajazilalia, anasubiri ndoa. Kombora naye alimpenda kwa masharti. "Ukishaolewa, achana na matope ya watu," alizoea kusema. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza kazi hiyo anaifanyaje.

Laiti angeuliza! Angejua kwamba Dobi huikunja kila jezi mara tatu, mikono ndani, akaibana kola kwa pini, ndipo akaipanga kwenye gunia linalosafiri na timu. Uwanjani kila mchezaji huchomoa pini yake. Baada ya mechi jezi hurudi zimekuwa kama matambara ya kudekia.

Siku hiyo alitoa tope, tope, tena tope. Namba tatu ilikuwa imechanika kwapani. Akafika namba kumi na moja, ya Kombora. Ilikuwa imekunjwa mara tatu, mikono ndani, na pini iko pale pale alipoichoma yeye. Akainusa. Sabuni tupu.

Akaingia nayo sebuleni.

— Jana ulivaa jezi gani?

— Yangu. Swali gani hilo?

— Wakakuangukia wanne kwenye tope?

— Muulize yeyote!

Akamwekea jezi mapajani. Kombora akaitazama bila kuelewa kitu. Kwake yeye nguo zilijifua zenyewe.

— Umeshaifua? Asante, mpenzi.

Dobi nusura acheke. Akampigia nahodha wa timu, akaweka spika.

— Dada! Pole sana kwa msiba.

— Msiba upi, nahodha?

— Wa shangazi yako. Kombora alitutumia ujumbe juzi kwamba mama wa watu amefariki, kwa hiyo hataweza kusafiri. Tulimsimamia dakika moja ya kimya kabla ya mechi. Vijana wengine walilia.

Birika lilibaki hewani mkononi mwa shangazi.

— Nimefariki?

— Nani huyo? — nahodha akauliza.

— Mimi mwenyewe! Niko hapa namimina chai!

Nahodha akakata simu bila kuaga.

— Shangazi, ni... ni mbinu za timu, — Kombora akababaika. — Mambo ya ndani.

Kana kwamba imetumwa, simu yake ikaita mezani. Kioo kiliandika: Fundi Bomba. Kombora akairukia kwa mikono yote miwili, ule wa kitambaa ukitangulia. Shangazi akawahi, akaipokea kwa spika.

— Baby, umefika? — fundi bomba huyo alikuwa na sauti nyororo. — Umesahau soksi zako huku. Mama amekupenda, anauliza barua ya posa unaleta lini.

— Binti, — shangazi akamjibu taratibu, — unaongea na marehemu. Mwambie mama yako akae mkao wa kula. Huyu akikosa cha kusema, anayefuata kufa ni yeye.

Akakata. Kombora akamgeukia Dobi na kupiga magoti, bega limepona ghafla.

— Mpenzi, nisikilize...

— Hata uongo hukuutolea jasho, — Dobi akasema. — Ungeipaka tope tu. Tope liko bure. Lakini ulijua mimi ni wa kufua, siyo wa kuona.

— Nitabadilika.

— Toka.

— Shangazi, nisaidie!

— Maiti haisaidii mtu. Na uache mto wangu!

Akatoka mikono ikipunga huku na huku, kitambaa kikining'inia kifuani. Kabla hajafika mbali, ujumbe uliingia kwenye simu ya Dobi: "Nimeteleza tu mpz. Nipe nafasi nyingine moja."

Dobi akaandika: "Huu ni mtoano. Umesema mwenyewe. Ukifungwa, kwaheri."

Kisha akarudi uani, akakaa kwenye stuli kando ya beseni na kulia, kwa sababu misimu mitatu ni misimu mitatu.

— Mwanangu, — shangazi akamwita toka mlangoni, — nusu fainali nitakwenda. Hao vijana wanirudishie dakika yangu.

Dobi akacheka katikati ya machozi. Akairudisha namba kumi na moja guniani vile vile na pini yake, ivaliwe na mwingine. Zile shuka mbili alizilalia siku hiyo hiyo.