Nesi Aliyerudia Maneno ya Daktari

Fundi cherehani mmoja alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimpelekea kitambaa, atataka kujua umekinunua wapi, utakivalia wapi, na mbona umechagua rangi hiyo. Mume wake, fundi ujenzi, alimbandika jina la Mama Kwanini, na jina likamganda mtaa mzima.

Wiki moja hakuwa na hamu ya kuuliza. Mume wake alishikwa na kikohozi, akakipuuza, akaenda kazini kama kawaida. Kikohozi kikageuka nimonia kali. Sasa alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira umeingizwa kooni, mashine ikimsaidia kupumua. Mama Kwanini aliogopa kumpoteza, na hakumficha mtu hofu hiyo.

Shemeji yake, ambaye ndiye aliyempeleka kaka yake hospitali, alimpa ushauri. Alisema manesi kazi yao ni kutandika vitanda na kuchoma sindano. Kama ana jambo la maana, alitunze mpaka ampate daktari.

Mama Kwanini alikuwa nalo jambo. Lakini daktari alikuja mbiombio na kuondoka mbiombio, naye akaona haya kumsimamisha. Basi akakaa kando ya kitanda, akitazama.

Nesi, kijana mrefu mpole, hakutulia. Alimgeuza mgonjwa ubavu, akamvuta makohozi kwa mpira mwembamba, akasoma namba kwenye mashine. Ila kitu kimoja kilimshangaza Mama Kwanini. Kila daktari alipotoa agizo, nesi alilirudia neno kwa neno.

"Maskini, masikio yake mazito," alijisemea. Kisha wasiwasi ukamwingia. Mtu asiyesikia vizuri ndiye anayemdunga mume wake sindano?

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alirudi na majibu ya maabara. Kwanza alimuuliza nesi mgonjwa ameshindaje. Nesi akaeleza kwamba homa imepanda tena, na makohozi yamekuwa mazito.

"Basi dawa hii haimsaidii," daktari akasema. "Tumwanzishie penisilini, kwa mshipa."

"Tumwanzishie penisilini, kwa mshipa," nesi akarudia.

"Sawasawa."

Mama Kwanini uvumilivu ukamwishia. Akauliza, kwa adabu zote, kwa nini nesi anarudia kila anachoambiwa.

Nesi akacheka kidogo. "Masikio yangu mazima, dada. Narudia ili daktari asikie nilichosikia mimi. Nikiwa nimekosea, ananisahihisha hapo hapo. Ulimi wake ukiwa umeteleza, anajisikia mwenyewe. Na mwenye la kusema, anasema kabla dawa haijaingia mwilini."

Hapo akamuuliza: je, kuna dawa iliyowahi kumdhuru mumewe? Aliyemleta alisema hakuna, lakini yeye huuliza tena kabla ya kuanza dawa mpya.

Mama Kwanini akababaika. Alisema lipo jambo, ila alikuwa akisubiri kumweleza daktari.

"Mweleze nesi," daktari akasema. "Ukimwambia yeye, umeniambia mimi. Mimi nina wagonjwa chumba kizima, yeye yuko na mumeo muda wote. Akiona kitu, ananiita. Nikiamua kitu, namwambia. Kila mmoja akikaa na lake moyoni, anayeumia ni mgonjwa."

Ndipo Mama Kwanini akasema. Zamani mumewe alipata kidonda mguuni, akachomwa sindano katika zahanati. Papo hapo uso ulivimba na pumzi zikambana, akaponea chupuchupu. Jina la dawa hakulijua.

Nesi na daktari wakatazamana. Daktari alieleza kwamba miili ya watu wengine huikataa dawa fulani, na hali hiyo huitwa mzio. Inawezekana sindano ile ilikuwa penisilini, na yeye hawezi kubahatisha na uhai wa mtu. Akachagua dawa ya aina nyingine. Nesi akairudia, kisha akamfunga mgonjwa utepe mwekundu mkononi, ili kila atakayemhudumia ajue.

Mama Kwanini alilia. Jambo lile alikuwa amekaa nalo kwa siku nzima, hatua mbili kutoka kwa mtu aliyelihitaji.

Dawa mpya ilifanya kazi. Homa ikashuka, na pumzi zikaanza kurudi polepole. Siku ya kutoa mpira, daktari alisimama upande mmoja wa kitanda na nesi upande wa pili. Daktari aliuliza kama wako tayari. Nesi akatazama mashine, akamtazama mgonjwa, akaitikia. Mpira ukatoka. Mgonjwa akakohoa, akavuta pumzi, akavuta nyingine, zake mwenyewe.

"Maji," akanong'ona.

Mama Kwanini alikuwa ameshika kikombe tayari. Mkono ukasita hewani, akamgeukia nesi. "Kaka, anaruhusiwa kunywa?"

"Bado kidogo. Koo lake limechoka, maji yanaweza kupotea njia yakaingia kwenye mapafu. Tutamjaribu kwanza kama anameza vizuri."

Akaweka kikombe mezani, akamshika mume wake mkono. Ulikuwa na joto la kawaida, la mtu asiye na homa.