Rafiki wa Boitshepo

Saa mbili kamili asubuhi, mama yake Boitshepo aligonga kikombe kwa kijiko mara tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kengele. Kuanzia hapo mpaka saa sita, meza ya jikoni iligeuka darasa, na mama hakuitwa tena Mma, bali Mwalimu. Huu ulikuwa mwaka wa pili, tangu pumu ilipombana Boitshepo kwenye uwanja wa shule hadi akazimia. Mama alikuwa nesi wa zahanati ya mtaani kwao, Montshiwa. Aliacha kazi wiki ileile ili amfundishe nyumbani.

Boitshepo alifungua daftari la hesabu. Dirishani, mwanafunzi mmoja alipita mbio, soksi zimemshuka. Boitshepo alimsindikiza kwa macho mpaka kona ikammeza. Alitamani hata kule kuchelewa.

"Funga daftari," mama alisema ghafla.

"Tumeshamaliza, Mwalimu?"

"Leo unatimiza miaka kumi na miwili! Nkuku anakaanga magwinya. Twende tukamchukue yule rafiki yako, Lorato. Si naye anasomea nyumbani kwao? Wanakaa wapi?"

Boitshepo alilifunga daftari polepole.

"Huyo Lorato!" alicheka bibi yake, Nkuku, akigeuza maandazi yake kwenye mafuta. "Kila insha yako anashinda mbio, lakini mimi sijamwona hata kisigino."

"Anaumwa," Boitshepo alisema haraka.

"Anaumwa nini?"

"Pumu."

"Basi ndiyo twende. Nitamsikiliza kifua." Mama alikwisha kuuchukua mkoba wake wa zamani wa kazini, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku zote za mwaka huo.

Boitshepo aliutazama uso ule, akashindwa kuendelea kudanganya.

"Hayupo, Mwalimu. Nilimtunga. Kila Alhamisi unaponiacha pale ukumbi wa kanisa, watoto wanaosomea nyumbani tuko watatu tu, na wale wawili bado wananyonya vidole."

Mama alikaa chini taratibu. Alilivuta daftari la insha, akafungua ukurasa baada ya ukurasa. Wino wake mwekundu ulijaa kote: *Umesahau nukta. Aya nzuri. Andika kwa unadhifu.*

"Insha kumi na moja," alisema kwa sauti ndogo. "Nimesahihisha kila mkato, wala sikuona kwamba mwanangu ananiambia yuko peke yake. Lakini kila muhula nilikuuliza kama unaikumbuka shule. Mbona ulisema hapana?"

"Niliogopa, Mma. Uliacha zahanati kwa ajili yangu, nikaona utaumia ukijua uliiacha bure. Na kila tukipita pale unapunguza mwendo."

Mama alilifunga daftari la insha. "Ni kweli," alisema. "Nawakumbuka wagonjwa wangu. Hata yule mzee aliyekuwa akinitukana kila nikimchoma sindano, namkumbuka."

Nkuku aliepua karai, akaja kukaa kati yao, mikono imejaa unga.

"Nyie wawili mmenichosha," alisema. "Huyu anaficha asimuumize yule, yule anaficha asimuumize huyu, na wote mnaumia. Kusomea nyumbani si kosa. Kosa ni kusema uongo ili umfurahishe unayempenda. Atakusaidiaje na hajui unachotaka?"

Mama alifuta macho. "Sasa unajua kutumia dawa yako ya kuvuta, na dalili unazijua. Kesho naweza kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu. Lakini nataka nisikie kwako. Unataka nini, mwanangu?"

"Kama wewe unataka, Mma, mimi…"

"Aa-aa!" Nkuku alimkatiza. "Hukuulizwa mama anataka nini."

Boitshepo alivuta pumzi ndefu.

"Nakupenda, Mma, na unafundisha vizuri," alisema. "Lakini nataka kurudi shuleni. Nataka kukaa na watoto wenzangu, tucheke mpaka mwalimu atugombeze."