Asali Iliyokataliwa na Sisimizi

Sisimizi wa Texas hawana adabu hata kidogo, na aliyeishi mji wa Sugar Land hahitaji kuelezwa. Ukiacha punje ya sukari mezani ukaenda kuoga, ukirudi unakuta foleni imeshapangwa toka dirishani. Ndiyo maana Prudensia alishangaa asubuhi ile ya Aprili 2020, alipokuta tone la asali limelala juu ya meza ya jikoni tangu jana, nono, linang'aa, na sisimizi wamelizunguka kwa mbali kama watu waliokuta nyoka njiani. Mmoja alisukumwa na wenzake akaligusa. Alijikunja akafa pale pale.

"Gau, njoo uone," alimwita mumewe. "Sisimizi wako wanafunga Kwaresima."

Gaudence alikuja, akacheka mpaka kikohozi kikamkata kicheko. Kisha akalichovya lile tone kwa kidole, akalamba.

Kama unakula, ndugu msomaji, maliza kwanza. Mimi mwenyewe siisimulii hii hadithi mezani.

Walikuwa Wahaya wa Bukoba, mwaka wa tisa Marekani, hawajajaliwa mtoto. Prudensia alisaidia wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Gaudence alihudumia wagonjwa majumbani kwao. Mwezi wa tatu alipata kikohozi. Akapimwa, ugonjwa ule wa dunia nzima haukuonekana, lakini kikohozi kikagoma kutoka. Prudensia akafanya walichokuwa wakifanya Watanzania wote mwaka ule: akamfukiza chini ya blanketi kwa mchaichai na mwarobaini, kisha tangawizi, ndimu na asali, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Asali ilikuwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, kama asali ya nyumbani inavyosafiri siku zote, imezungushiwa utepe wa gundi, inakaa kabatini na senene na dagaa. Wifi yake alikuja Krismasi na masanduku mawili. Nani tena aulize imetoka wapi?

Kikohozi kiliisha ndani ya siku nne. Hapo ndipo Gaudence alipoanza kusimulia.

Ilikuwa mchana, wanakula. "Baba yake alichomwa kisu kwenye harusi ya binti yake," alisema ghafla.

"Baba wa nani?"

"Wa Iskanda. Mfalme wa Makedonia. Mzee alivaa nguo nyeupe. Nilisimama karibu, damu ilikuwa bado inatoa mvuke."

Prudensia alidhani ni sinema. Mumewe hakuwa mtu wa historia. Shuleni alikuwa akilala kipindi chote, na mwenyewe alijisifia hilo. "Kula, ndizi zinapoa," alimwambia.

Kesho yake, mezani tena, akaendelea pale pale alipoishia. Kijana wa miaka ishirini amekalia kiti cha baba yake, amewaua waliomtilia shaka, amevuka maji kwenda kuwapiga Waajemi. Siku ya tatu wakafika Tiro.

"Mji uko kisiwani," alisema, huku akichota maharage kwa vidole, yeye ambaye siku zote alitaka kijiko. "Hana merikebu za kutosha, kwa hiyo akaamuru bahari ifukiwe. Mawe, magogo, udongo. Na waliokufa wakibeba mawe nao wakatupwa humo humo, maana mfu naye anajaza. Miezi saba, Pru! Mji ulipoanguka, watu elfu mbili walipigiliwa misumari ufukweni kwa mstari, jua linawaka. Siku ya nne matumbo yakaanza kupasuka moja moja. Ungedhani watu wanapiga makofi."

"Gau, tunakula!"

"Na mimi nilikula," alisema.

Prudensia alifunua sufuria aongeze mchuzi, na harufu ikamrukia usoni. Aliijua harufu ile kutoka kazini, ya kidonda kilichosahauliwa chini ya bandeji. Ndizi za maharage alizopika nusu saa iliyopita zilikuwa zimevimba, zina rangi ya kijivu, na katikati povu linapanda na kushuka taratibu kama kuna kitu chini kinapumua. Alitapika kwenye sinki mpaka nyongo. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameivuta sufuria kwake, anakula, analamba mpaka kiganja.

Toka siku hiyo kila mlo ukawa vita, na kila vita iliharibu mlo wake. Alisimulia Gaza, jemadari aliyetobolewa visigino akaburutwa nyuma ya gari la farasi, na nyama ya kuku ikateleza kwenye mifupa yenyewe. Alisimulia jumba la wafalme wa Uajemi likiungua huku walevi wakicheza, na wali ukanuka nywele zilizoungua. Baba Paroko aliwaombea kupitia simu, ile ya kuonana nyuso, maana kanisa lilifungwa. Gaudence alitabasamu na kusema amina kwa heshima zote, kisha akaomba aongezewe chakula.

Na mwili wake, Mungu wangu wee! Alianza kutoka jasho zito la manjano, lenye utamu wa kukera. Shati lilinata kwenye kiti, likibanduliwa linatoa mlio. Nzi walijaa dirishani kwa nje, wakigonga kioo. Prudensia alimfuta mgongo kwa taulo la moto na nyuzi za taulo zikabaki mgongoni, na alipojaribu kuzitoa kwa kucha, kucha nazo zikanata, akasimama bafuni akiwa amegandamana na mume wake wa ndoa, akalia. Alimwonea kinyaa, akajichukia kwa kumwonea kinyaa, na bado kinyaa hakikupungua.

Ijumaa alisimulia jangwa. Jeshi linarudi kutoka India, hakuna maji, njia nzima punda wanachinjwa kwa siri, na walipokuta bwawa watu walijitupa ndani na silaha zao wakanywa mpaka wakafa humo, wakavimba, wakaelea, na waliofuata nyuma wakawasogeza kwa mikono ili wapate nafasi ya kunywa, na Gaudence alipokuwa akisema hayo aliinua glasi ya maji ya bomba, na Prudensia akaona maji yana utelezi, yana uzi mrefu wa nywele unaojizungusha, akaona koo la mumewe likiyapokea, funda baada ya funda, mpaka ule uzi nao ukaingia.

"Kesho," alisema akifuta midomo, "tunaingia Babeli."

Prudensia alikimbilia kwenye gari, akampigia Bi Mwatumu, akamweleza yote, toka Iskanda mpaka Babeli.

Bi Mwatumu alikuwa muuguzi kazini kwake, mama wa Tanga mwenye makao mtaa wa Alief, na bibi yake alikuwa mtu wa kupunga mashetani. Prudensia alikuwa akimtania kwa hayo, yeye Mkatoliki safi. Jumamosi kabla ya adhuhuri mama yule alifika na barakoa, chetezo na kipande cha udi. Alivuka kizingiti, akasimama.

"Mwanangu, hiki si kikohozi. Mmekula nini humu ndani?"

Walipitia jikoni kote mpaka ikabaki ile chupa, tupu, imebakiwa na utando chini. Prudensia akampigia wifi yake.

"Asali gani, wifi?" alijibu mwenzake kutoka Bukoba. "Mimi niliwaletea senene na kahawa. Asali ilinimwagikia uwanja wa ndege, nikaitupa huko huko."

Prudensia alimgeukia mumewe, aliyekaa mezani akisubiri chakula. Kwa dakika moja yalikuwa macho yake mwenyewe, yana aibu.

"Ni ya yule mzee niliyemhudumia, aliyefanya kazi ya mafuta Iraki," alisema kwa sauti ndogo. "Alipokufa wanawe walikuwa wanatupa vitu. Nikaona mtungi wa asali unatupwa. Asali haiozi, Pru. Nikaipasha moto, nikamimina kwenye chupa. Mtungi uko gereji."

Ulikuwa mtungi wa udongo, mdomo bado una mabaki ya nta. Bi Mwatumu alimulika ndani kwa simu. Chini kulibaki kama upawa mmoja wa asali nyeusi, na ndani yake kulikuwa na kipande cha kitambaa, ukucha mzima wa kidole gumba, na kitu chembamba kilichojikunja kama ganda la juu la maziwa yaliyopoa, kina vinyweleo vifupi vya rangi ya dhahabu.

"Lahaula," alisema Bi Mwatumu. "Wafalme wa kale walilazwa kwenye asali wasioze. Mlichokuwa mnakoroga kwenye chai ni maji ya maiti. Mumeo ana miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili. Anatimiza thelathini na tatu mwezi wa saba."

"Iskanda alikufa kwa homa huko Babeli, na thelathini na tatu hakuifikisha. Hadithi ikifika Babeli leo, mumeo amekwenda nayo."

Walirudi mezani na mtungi. Bi Mwatumu akafukiza udi, akauliza kwa ukali: "Nani wewe?"

"Mfukuza nzi," ilijibu sauti, na midomo ya Gaudence ilichelewa kidogo kuifuata. "Bwana wangu alipokufa walinifunga kwenye mwili wake nifukuze nzi. Majemadari waligombania nchi, mimi nikagombana na nzi. Miaka ikapita. Nikasikia njaa. Nikaanza kulamba."

"Unataka nini kwa mtu huyu?"

"Tumalize kula. Mimi siyo mshenzi, sitoki mezani kwa watu chombo hakijaisha."

"Akikimaliza yeye?"

"Tunaingia Babeli. Malango yameshafunguliwa."

"Akikimaliza mwingine?"

Nzi waligonga kioo. "Nitashukuru, nitatoka," ilisema sauti, kama imenyang'anywa kitu.

Bi Mwatumu alimtazama Prudensia, na Prudensia hakungoja kuambiwa. Akauvuta mtungi. Akachota kwa kijiko, na funda la kwanza lilikuwa tamu, afadhali lingekuwa chungu, tamu la kuvutia mate, na nyuma yake ikaja ile harufu ya bandeji, akameza, akachota kitambaa, akakitafuna kwa sababu hakikumezeka, akauweka ukucha nyuma ya ulimi na kuusukuma kwa asali, ukamkwaruza koo mpaka chini, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akimwangalia mumewe asiyaangalie mengine, kisha akafika kwenye lile ganda, likamlegea mdomoni kama lina joto lake, vinyweleo vikamchoma ulimi, akafumba macho, akameza, akapangusa mtungi kwa kidole mpaka ukabaki udongo mtupu.

Dirishani nzi walianguka wote kwa pamoja. Gaudence alishusha pumzi ndefu, jasho mwilini mwake likakauka likawa unga mweupe, kichwa kikalala mezani kwa amani. Kitu kilitembea kutoka kwenye kiti chake kuelekea mlangoni, hatua nzito, zenye heshima. Kitasa kikazunguka.

"Asante sana, mama," ilisema sauti pale mlangoni, sasa bila mdomo wa mtu. "Chakula kilikuwa kizuri. Na kwetu nako karibuni."

Prudensia alikuwa amelegea kwa furaha. Mumewe alikuwa anapumua. Na malezi ni malezi; mtoto wa Bukoba hamwachi mgeni aondoke bila jibu.

"Asante, baba," alisema. "Tutakuja."

Mlango ulifungwa taratibu. Chetezo kilimponyoka Bi Mwatumu, makaa yakatawanyika kwenye zulia, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

"Umemjibu nini, Prudensia?" alinong'ona. "Umemjibu nini?"

Pale mezani Gaudence aliinua kichwa, akajinyoosha, macho maangavu kama mtu aliyelala vizuri. Akazungumza kwa sauti yake ya zamani, ile aliyokuwa nayo kabla ya kikohozi.

"Pru," aliuliza, "tunakwenda wapi?"