Muite Kambere Gani?

Kanyere wa Butembo ni muuza vitunguu. Kila juma anapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Beni, mafurushi nyuma, simu ndani ya kitenge. Simu yenyewe ni ndogo, ya kubonyeza, lakini imejaa majina ya wateja. Mwenyewe anawajua wote. Mutu mwingine akiishika? Wapi! Hatajua nani ni nani.

Siku moja, karibu na Mulekera, moto iliteleza kwenye matope. Kanyere alichanika mguu, akagonga kichwa. Watu walimbeba mpaka kituo cha afya. Kabla ya kuzimia alisema tu: "Muite Kambere, bwana yangu."

Alipoamka, chumba kilikuwa kinazunguka. Muuguzi Orpa alisimama kando ya kitanda, ameshika shindano ya kudungia dawa.

"Mama Kanyere, aksanti kwa Mungu! Bwana yako amefika."

Mwanaume akaingia mbio, jasho tele. Akamtazama Kanyere. Kanyere naye akamtazama. Eh! Huyu ni nani? Kichwa kimeharibika mpaka nisahau sura ya bwana yangu?

"Lakini huyu hapana Kanyere yangu!" mwanaume akapiga kelele.

"Wewe hapana Kambere?" Orpa akauliza.

"Niko Kambere! Na bibi yangu ni Kanyere! Uliniambia Kanyere ameanguka na moto. Nimeacha gari ya viazi katikati ya barabara!"

Hapo Kanyere akamtambua: ni mteja wake. Akacheka, mbavu zikamuuma, akalia. Tufanye nini? Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa, basi akina Kambere na akina Kanyere wamejaa kila mtaa.

"Na hiyo shindano ni ya nini?" akauliza.

"Penisilini, ya kidonda. Nilimuuliza huyu papa kwa simu kama kuna dawa mwili yako inakataa. Akasema hapana."

"Bibi yangu haikatai!" Kambere akajitetea.

Kanyere akavuta mguu wake kwa woga. "Toa! Penisilini hapana! Mwaka jana ilinifunga pumzi, karibu nikufe!"

Orpa akaweka shindano chini. Akakaa kitandani, akauliza:

"Sasa bwana yako mwenyewe ulimuandika namna gani ndani ya simu?"

"Papa Victoire, kwa jina la mtoto wetu. Njo vile ninamuita nyumbani."

"Mama yangu! Ningejua namna gani? Mimi nilitafuta Kambere, nikapata Kambere. Ndani ya simu andika jina ambalo hata mutu asiyekujua ataelewa, maana siku ya hatari njo yeye ataishika."

Akamwonyesha. Waliandika "AA Urgence Bwana", herufi A mbili ili jina likae juu kuliko yote, na urgence, maana yake dharura. Chini yake, "AA Urgence Dada". Kisha Orpa akachukua karatasi ndogo, akaandika jina kamili la Kanyere na maneno haya: *Penisilini hapana.* Akaibana nyuma ya simu kwa plasta.

"Na yangu, ile kubwa ya kugusa?" Kambere akauliza.

"Yako iko na ukurasa wa urgence. Mutu anaufungua hata kama hajui code ya kufungulia simu. Lete nikujazie."

"Ngoja kwanza," Kambere akasema. "Nimupigie Kanyere yangu. Roho bado haijatulia."

Miezi mitatu ikapita. Kanyere alishikwa na homa kali sokoni Beni, akaanguka kati ya vikapu. Mama mmoja muuza samaki, ambaye hawakujuana naye hata kwa salamu, akachukua simu yake, akabonyeza jina la kwanza, akaeleza yaliyotokea.

"Niko bwana yake," sauti ikajibu. "Ambia munganga wa hospitali penisilini hapana. Niko njiani."

Kanyere alisikia, ingawa hakuweza kufungua kinywa. Woga ukamtoka.

Kabla jua halijazama, Papa Victoire alikuwa kando ya kitanda chake hospitalini, viatu vimejaa matope, anamnywesha uji.