Aibu ya Watu Wawili

Seremala na mkewe walikuwa na mtoto wa miezi minane. Mtoto alikuwa mnene hata majirani wakamwita Kibonge. Basi baba akawa Baba Kibonge, na mama akawa Mama Kibonge.

Mama Kibonge alishona sare za shule. Kila asubuhi alimbeba mtoto mgongoni, akaenda kwenye kibanda chake cha cherehani. Jioni alirudi, akapika, akafua, akanyonyesha. Akilala, alilala kama gogo.

Mara mbili mumewe alimsogelea kitandani. Mara mbili alijibu, "Niache, jamani. Nimechoka." Mumewe akamwacha, wala hakumsogelea tena. Miezi ikapita.

Siku moja asubuhi, Mama Kibonge alikumbuka kwamba amesahau futi yake ya kupimia. Alimwacha mtoto kwa msusi wa kibanda cha pili, akarudi nyumbani mbio. Akasukuma mlango wa chumbani. Mumewe alidhani yuko peke yake. Alikuwa kitandani, anajichua.

Seremala alivuta shuka hadi kidevuni. Mama Kibonge alichukua futi mezani, akatoka.

Siku hiyo alishona mkono wa shati mahali pa kola. Akafumua. Akashona tena vilevile. "Simtoshi," aliwaza. "Nimechakaa. Au ana mwingine?"

Jioni seremala alikula ameinama, kama mgeni asiyejulikana. Tangu kesho yake hakurudi kula nyumbani. Alisema kazi zimemzidi. Kazi gani? Karakana nzima ilikuwa na kiti kimoja, kinasubiri mguu.

Wiki iliyofuata, Mama Kibonge alimpeleka mtoto kliniki. Nesi wa pale alikuwa mama mtu mzima, mwepesi wa maneno.

"Kibonge ameongezeka, wewe umekwisha," alisema. "Ananyonya maziwa au anamnyonya mama mzima mzima?"

Mama Kibonge alicheka. Kisha machozi yakamtoka. Nesi akafunga mlango.

"Sema, mwanangu."

"Naona haya."

"Haya tuifungie nje. Humu ndani tupo sisi na Kibonge, na yeye hajui kusema."

Mama Kibonge alitazama sakafu. "Nilimkuta mume wangu anajichua. Mtu mzima, ana mke! Hanitaki tena."

"Amekuambia hakutaki?"

"Hajasema kitu. Wala mimi sijauliza."

"Basi umemhukumu bila kumsikiliza. Watu wazima wengi hujichua, wanaume kwa wanawake, na wenye ndoa wamo. Si ugonjwa. Hakupofushi macho, hakumalizi nguvu za kiume, hakumnyimi mtu watoto. Wala hakumaanishi kwamba mtu hampendi mwenzake."

"Kwa hiyo si tatizo?"

"Huweza kuwa tatizo. Mtu akimkimbia mwenzake kwa sababu hiyo, akiacha kazi zake, au akitaka kuacha akashindwa, aje tuzungumze. Mambo ya imani mtayapima wenyewe, mimi nasema ya afya. Lakini niambie, wewe mwili wako ukoje tangu ujifungue?"

Mama Kibonge alimvuta mtoto karibu. "Unauma," alinong'ona. "Tukikutana, ni pakavu, panauma. Ndiyo maana nasema nimechoka."

"Mumeo anajua?"

"Hajui."

Nesi alimpima, akaona hana kidonda wala ugonjwa. "Kunyonyesha huleta ukavu," alisema. "Huwapata wengi. Nitakupa kilainishi cha kupaka mkikutana. Hiki hapa, si mafuta ya kupikia! Ukiendelea kuumia, rudi. Lakini mwambie mwenzako. Mwambie mchana, mkiwa mmeshiba, bila hasira."

Jumapili mchana, shangazi yake Kibonge alikuja kumchukua. Mama Kibonge aliketi karibu na mumewe.

"Baba Kibonge, siku ile..."

Seremala aliinuka. "Nisamehe. Naomba tusiitaje."

"Tuitaje. Kaa. Na mimi nina langu."

Akamweleza jinsi anavyoumia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Seremala akakaa taratibu.

"Unaumia?" aliuliza. "Na mimi nilidhani umenichoka! Sikutaka kukusumbua, wala sikutaka mwanamke wa nje. Uliponikuta, nilitamani ardhi ipasuke. Tangu ujana niliambiwa anayefanya vile huishiwa nguvu. Nilijiona mgonjwa."

"Nesi anasema si ugonjwa."

"Umemwambia nesi?" Seremala alifunika uso kwa viganja. "Kliniki sikanyagi tena!"

Mama Kibonge naye aligeukia ukutani. "Ule mwaka ulipokwenda kujenga shule," alisema, "ulikaa miezi mitatu. Basi hata mimi..."

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi. Usinitazame!"

Seremala alicheka mpaka akakohoa, na mkewe akacheka huku amejificha uso.

"Nikikuambia leo sitaki, utanuna?" aliuliza mkewe.

"Nitasikitika kidogo," alijibu kwa ukweli. "Lakini nitajua kwa nini."

Aibu haikuondoka siku moja. Lakini seremala alirudi kula nyumbani, na jioni alishika ufuaji bila kuombwa. Siku mkewe asipotaka, alisema wazi. Siku nyingine mmoja wao alijitosheleza peke yake, na mwenzake hakuhesabu kuwa amekataliwa. Kile kilainishi kilisaidia. Walipokutana walikwenda polepole, na maumivu yakapungua.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili moja, Kibonge akiwa amelala mchana, Mama Kibonge alimwita mumewe kutoka uani.

"Kuna nini?" aliuliza seremala.

"Leo nakutaka," alisema.

Katika miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kulitoa neno hilo kinywani. Uso wake uliwaka kwa haya. Lakini alilisema lote, na hakutazama chini.